Kukaza toshenibaa hakuongezi uwezo wa kubeba

Wenye pikapu wanaopakia matoke Mbarara, Uganda, wana ombi moja kuhusu toshenibaa, springi ya mbele ya gari: "Fundi, kaza toshenibaa gari liwe gumu, libebe zaidi." Kwanza, matoke yako nyuma, juu ya springi za nyuma! Pili, toshenibaa ni fimbo ya chuma inayojisokota, na ugumu wake unatokana na unene, urefu na chuma chenyewe. Boliti ya kurekebishia inageuza tu mkono unaoshikilia mwisho wa fimbo. Pua inapanda, fimbo inabaki ile ile.

Mbona basi gari linakuwa gumu? Mkono wa juu wa gurudumu umesogelea mpira wake wa kuzuia, gurudumu limekosa nafasi ya kushuka, na kwenye murram kila shimo chuma kinagonga mpira. Huo ndio ugumu mnaousifu. Sivijointi (viungo vya ekseli za mbele, kwa gari la 4x4) nazo zinafanya kazi kwa pembe kali, buti zake za mpira zinachanika, bolijointi (viungo vya mikono ya gurudumu) zinaisha mapema. Ukipandisha zaidi ya milimita 25 au 30 juu ya urefu wa kawaida, unatafuta gharama. Fimbo iliyochoka hubadilishwa, haikazwi milele.

"Jeki inatosha." Haitoshi. Zuia magurudumu ya nyuma kwa vigingi, weka stendi mbili chini ya chesi, magurudumu ya mbele yaning'inie. Ukikaza huku uzito wa gari uko juu ya fimbo, meno ya boliti yanakatika, na kichwa chako kisiwe chini yake siku hiyo.

"Mizunguko sawa, urefu sawa." Si lazima, upande wa dereva mara nyingi umelala kidogo. Kabla ya kuanza, gari likiwa sakafu tambarare na upepo wa matairi uko sawa, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, kila upande. Safisha meno ya boliti, tia grisi, legeza nati ya kufungia, zungusha mara mbili tu. Shusha gari, lisukume mbele na nyuma mita chache (matairi yakitoka hewani hukaa yamejikunja, kipimo kinadanganya), litikise, ndipo upime tena. Ukigusa upande mmoja, wa pili nao husogea, kwa hiyo pima pande zote.

Wenye Hilux Vigo msitafute boliti hiyo: mbele kuna springi za koili.

"Alaimenti (kunyoosha magurudumu) baadaye." Hapana, siku hiyo hiyo, au matairi yataliwa upande mmoja. Shusha na taa pia, zimepanda pamoja na pua.