Nyonga ya mzee ikivunjika: upasuaji upi, na kwa nini usicheleweshwe

Mzee amejikwaa usiku akienda msalani. Akilazwa chali, mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje. Ukiuona mguu wa namna hiyo, usimsimamishe wala usimkande. Mara nyingi eksirei huja kuthibitisha tu kile jicho limeshakiona. Lakini wapo ambao mfupa umepata ufa tu, mguu hauna kasoro, nao wanatembea wakichechemea. Maumivu ya kinena baada ya kuanguka yasipuuzwe.

Karibu kila familia huniuliza: "Daktari, kwa umri huu atauweza upasuaji?" Ninaielewa hofu hiyo. Ila ninaomba tuulize pia kama atakiweza kitanda. Mzee asiyeweza kujigeuza huanza kuchubuka matakoni na visigino ndani ya siku chache. Mapafu hujaa makohozi, nimonia ikaingia. Damu huganda kwenye mishipa ya miguu, misuli ikanywea. Kuvunjika nyonga ni jambo zito hata kwa anayetibiwa vizuri: karibu mmoja kati ya wanne au watano hufariki ndani ya mwaka mmoja. Ndiyo maana tunajitahidi apasuliwe ndani ya saa 24 hadi 48. Presha au kisukari tunavirekebisha haraka, lakini kumngojesha wiki nzima "apate nguvu kwanza" ni kumpunguzia nguvu.

Aina ya upasuaji huamuliwa zaidi na mahali mfupa ulipovunjikia. Juu kabisa mfupa wa paja una kichwa cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe cha nyonga, na chini yake kuna shingo. Damu nyingi ya kichwa hicho hupanda kupitia mishipa midogo iliyoshikamana na shingo. Shingo ikikatika na vipande vikaachana, mishipa hiyo huchanika. Tukiviunga kwa skrubu, kichwa kinaweza kufa polepole kwa kukosa damu, na mzee akarudi tena chumba cha upasuaji. Kwa hiyo, kwa mtu wa umri mkubwa, kwa kawaida tunakiondoa kichwa na kuweka cha chuma.

Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha nusu ya kiungo, yaani kichwa peke yake, huku kikombe chake kikibaki. Ni upasuaji mfupi, unaomfaa mzee aliyekuwa akitembea kidogo au mwenye maradhi mengine mengi. Ya pili ni kubadilisha kichwa na kikombe pia. Tunaifikiria kwa aliyekuwa akitoka mwenyewe na mwenye akili timamu, ingawa hatari ya kiungo kuchomoka ni kubwa zaidi. Kwa mifupa iliyolegea, mimi hupendelea chuma kishikizwe kwa saruji maalumu ya mifupa: hutulia vizuri na maumivu ya paja huwa machache.

Shingo ikiwa na ufa tu na vipande havijaachana, skrubu hutosha. Mfupa ukivunjika chini ya shingo, damu ya kichwa huwa salama, hivyo tunaunga: ama kwa skrubu nene na bamba la chuma ubavuni, ama kwa chuma kirefu kinachopitishwa ndani ya uwazi wa mfupa. Hicho kirefu ndicho tunachokitegemea pale mfupa ulipovunjika vipande visivyotulia.

Ganzi ya mgongoni na nusu kaputi zote hutumika. Ombeni pia sindano ya ganzi ya kinena mapema, kabla ya upasuaji. Humwezesha mzee kupumua na kulala bila mateso.

Kesho yake tunamwinua. Hushika fremu ya kutembelea kwa mikono miwili, hukanyaga, huenda hatua tatu au nne hadi kwenye kiti. Wengi huruhusiwa kuuegemea mguu huo mara moja. Wengine huchanganyikiwa usiku, wakamwita mtu asiyekuwepo. Mara nyingi hali hiyo hupita: mvalisheni miwani yake, mzungumzeni naye, awepo anayemjua.

Kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani, ulizeni dawa ya kuimarisha mifupa. Mfupa uliovunjika kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama tu ulikuwa umedhoofika tangu zamani, na nyonga ya upande wa pili imedhoofika vilevile.