Toksikolojia ya kijinai ni nini, na anayeifanya kazi hii anafanya nini hasa

Nianze na neno lenyewe maana wengi wakilisikia wanadhani ni kitu cha kwenye muvi. Toksikolojia ni elimu ya sumu, yaani kemikali inaingiaje mwilini, inafanya nini humo ndani na inatokaje, sasa ukiongeza "ya kijinai" (wengine wanasema ya kisheria, ni kilekile) maana yake elimu hiyohiyo inatumika kujibu maswali ya polisi, ya daktari anayepasua maiti na ya mahakama. Huyu kafa na nini? Dereva alikuwa amelewa pale alipogonga? Yule binti aliwekewa kitu kwenye kinywaji? Mtoto kalishwa sumu au ni ugonjwa? Anayejibu haya anashinda maabara na sampuli zake wiki nzima, alafu siku moja anaitwa mahakamani aeleze alichokiona, na maneno yake yanaweza kumfunga mtu maisha au kumwachia huru.

Watu wanafikiri damu inaingizwa kwenye mashine, mashine inaandika "sumu" na kazi imeisha. Hapana. Mashine inatoa namba tu, kwamba kemikali fulani ipo kiasi fulani kwenye mililita moja ya damu, basi. Namba hiyo ina maana gani kwa mtu huyu, mwenye umri huu, aliyekufa hivi, aliyekaa siku mbili kabla hajapatikana, hilo mashine hailijui na hapo ndo taaluma yenyewe ilipo. Paracelsus, daktari wa Uswisi, alishasema karne ya 16 kwamba kila kitu ni sumu, kinachotofautisha ni kiasi, na mpaka leo huo ndo mlango wa kuingilia, ila kwa maiti hata hicho kiasi chenyewe kinahama.

Hili la kuhama nataka nilieleze vizuri maana ndo linalowaangusha wengi. Mtu akiwa hai moyo unasukuma damu, dawa inasambaa, sehemu inakaa kwenye damu na sehemu kubwa inajificha kwenye ini, mapafu, misuli ya moyo. Akifa, seli zinaanza kupasuka na ile dawa iliyokuwa imejificha inavuja kurudi kwenye damu iliyo karibu, kwa hiyo ukichota damu ya moyoni siku ya pili unaweza kukuta kiwango kikubwa kuliko alichokuwa nacho wakati anakata roho. Digoksini ya wagonjwa wa moyo inafanya hivyo, amitriptilini ya sonona pia. Fikiria mzee aliyekuwa anameza dawa zake vizuri kabisa kama alivyoandikiwa, anafariki usingizini kwa ugonjwa wake, alafu mtu asiyejua hili anasoma namba ya damu ya moyo na kuandika kwamba mzee kajiua kwa dawa. Familia inaishi na hilo neno. Ndo maana wataalamu wanasisitiza damu itolewe kwenye mshipa wa paja, mbali na viungo vya katikati, na kwenye chupa iandikwe imetoka wapi, sio "damu" tu.

Pombe nayo ina mambo yake. Mwili ukianza kuoza, bakteria na hamira zinatengeneza ethanoli (ndo pombe yenyewe) zenyewe bila marehemu kugusa glasi. Sasa utajuaje kama alikunywa? Unaangalia majimaji ya ndani ya jicho, kwa sababu jicho limejitenga na tumbo na bakteria wanachelewa kufika huko, na unatafuta ethili glukuronidi, kitu ambacho mwili hai unakitengeneza baada ya kunywa pombe. Damu ina ethanoli, jicho halina, mkojo hauna hiyo glukuronidi, basi pombe hiyo imezaliwa baada ya kifo. Na hata kwenye chupa kazi ya vijidudu inaendelea, kwahiyo chupa za damu zinawekwa sodiamu floraidi kuwazuia. Vitu vidogo hivi ndo vinafanya ripoti isimame au ianguke.

Kipimo chenyewe kwa kawaida kinaenda hatua mbili. Ya kwanza ni ya mchujo, inatumia kingamwili zinazoshika kemikali kwa umbo lake, ni ya haraka na inapima sampuli nyingi kwa mpigo, ila inadanganyika maana kemikali zenye maumbo yanayofanana zinashikwa zote, kwa mfano dawa ya mafua yenye pseudoefedrini inaweza kuonekana kama amfetamini, dawa ya kulevya. Hatua ya pili ni ya kuthibitisha kwa njia tofauti kabisa, kromatografia inayotenganisha vitu kimoja kimoja alafu spektrometa ya masi inayovunjavunja molekyuli na kusoma vipande vyake. Mchujo peke yake haupaswi kuwa ushahidi. Kuna maabara ya Motherisk, Toronto huko Canada, iliyokuwa inapima nywele za wazazi kutafuta dawa za kulevya na pombe, na majibu yake yalitumika kwenye kesi za ulinzi wa watoto, watoto wakaondolewa kwa wazazi wao. Uchunguzi huru uliotoka 2015 ukasema vipimo vyake vya nywele havikutosha na havikuaminika kwa kazi ya aina hiyo, na sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa hiyohiyo, majibu ya mchujo kutolewa bila kuthibitishwa. Nikisoma habari hii huwa nawaza wale watoto.

Inabidi pia ujue kemikali inageuka kuwa nini mwilini. Heroini haikai, ndani ya dakika chache inakuwa monoasetilimofini, alafu mofini. Ukikuta mofini peke yake huwezi kusema "heroini", inaweza kuwa mofini ya hospitali au imetokana na kodeini. Ukiikuta ile ya katikati ndo unaweza kusema heroini ilitumika. Mofini ilimkamata pia daktari Harold Shipman wa Uingereza, mwaka 1998 mwili wa mgonjwa wake wa miaka 81 ulifukuliwa kama mwezi mmoja baada ya mazishi na mofini ikakutwa kwenye msuli wa paja, na mwaka 2000 akahukumiwa kwa mauaji ya watu 15.

Historia yake nitapita haraka. Uingereza miaka ya 1830 mkemia James Marsh alikuta sumu ya arseniki kwenye kesi moja lakini mpaka ifike mbele ya wazee wa baraza ile sampuli ilikuwa imeharibika, mshtakiwa akaachiwa, Marsh akarudi maabara na 1836 akatoa njia mpya inayoacha alama nyeusi inayong'aa kwenye kioo. Mathieu Orfila, aliyekuwa anafundisha Paris, akaitumia kwenye kesi ya Lafarge 1840, ya mke aliyeshtakiwa kumuua mumewe kwa arseniki, na ninachokipenda kwake ni kwamba alipima pia udongo wa makaburini na kemikali zake mwenyewe ili kuonyesha kwamba arseniki haikutoka huko. Mpaka leo kila kundi la sampuli linaenda na sampuli tupu, isiyo na kitu kinachotafutwa, kwa sababu hiyohiyo. Orfila alikuwa profesa na shahidi wa mahakama kwa wakati mmoja, na taaluma imebaki na sura hiyo ya miguu miwili.

Nikija kwenye kazi sasa. Wengi wanaanza na shahada ya kwanza ya kemia, biokemia au famasia, alafu uzamili wa toksikolojia au sayansi ya uchunguzi wa jinai. Maabara hukabidhiwi kesi siku ya kwanza. Unaanza kupokea sampuli, unaangalia lakiri haijavunjwa, unasaini nani kakupa saa ngapi na umeiweka wapi, maana kielelezo kikipotea mikononi hata dakika kumi wakili atauliza kwenye hizo dakika kumi kilikuwa wapi. Unajifunza kuandaa sampuli, kukalibreti mashine (kuhakikisha inasoma sawa), kupima sampuli za majaribio ambazo wewe hujui zina nini. Maabara nzuri zinakaguliwa kwa ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo. Baada ya miaka ndo unaanza kusaini ripoti.

Upande wa chuo ni uzamivu, kufundisha, kuandika kwenye majarida, kukutana na wenzako kwenye vyama kama TIAFT, chama cha kimataifa cha wanatoksikolojia wa kijinai kilichoanzishwa London 1963. Mtu anaweza kuuliza chuo cha nini wakati kesi ziko maabara. Jibu ni kwamba maabara inapata inachokitafuta, na wauzaji wa dawa za kulevya wanabadilisha molekyuli kila wakati, fentanili za aina mpya na nitazini (zote za jamii ya mofini ila kali zaidi), bangi za kutengenezwa, na nyingine zinafanya kazi kwa kiasi kidogo mno hadi kipimo cha kawaida kinapita bila kuziona. Mtu lazima akae achunguze zinavunjikaje mwilini, zinadumu siku ngapi kwenye friji, alafu awaambie wengine.

Na kuna kesi ya Missouri, Marekani, ambayo kila mwanafunzi wa fani hii aisome. Mwaka 1989 mtoto mchanga alifikishwa hospitali anatapika na kuhema kwa shida, maabara zikasema damu yake ina ethilini glikoli, ile ya kuweka kwenye maji ya rejeta yasigande. Baadaye mtoto akafa, mama akashtakiwa na 1991 akahukumiwa kifungo cha maisha. Kabla ya hukumu alikuwa amejifungua mtoto mwingine, akanyang'anywa palepale, na huyo naye akaugua vilevile wakati mama hayupo naye kabisa, ikagundulika ana ugonjwa wa kurithi unaojaza asidi mwilini. William Sly na James Shoemaker wa chuo kikuu cha Saint Louis wakazipima upya sampuli za yule wa kwanza. Kilele cha grafu ya mashine kilichosomwa kama ethilini glikoli kilikuwa asidi ya propioniki, kazi ya ugonjwa wenyewe. Mashtaka yakafutwa 1991 hiyohiyo. Namba zilikuwepo tangu mwanzo, aliyezisoma ndo hakufikiria kitu kingine kinachoweza kutokea sehemu ileile kwenye grafu.

Mahakamani kwa hiyo kazi kubwa ni kujua mpaka wa unachokijua. Wakili atauliza "alimeza vidonge vingapi?" na kwa damu ya maiti kwa kawaida huwezi kuhesabu hivyo kwa uhakika, unasema huwezi, hata kama jaji anakuangalia na upande uliokuita ulitaka namba. Kama bado uko shule na hii kitu inakuvuta, weka nguvu kwenye kemia ya kaboni, famakolojia (elimu ya dawa zinavyofanya kazi mwilini) na takwimu, na jifunze kuandika kwa lugha nyepesi, kwa sababu ripoti yako itasomwa na watu ambao maabara hawajawahi kuingia.