Mwanangu, andika sitini na moja: maswali ya waendesha pikipiki watu wazima wa Tanga

Siku moja nilikaa na madereva wa bodaboda kijiweni, karibu na stendi ya Kange, nikiwapima presha. Kila mmoja nilimwuliza umri. Mzee mmoja, ndevu zimekolezwa piko, akajibu arobaini na tano. Vijana wakaangua kicheko, naye akainamia tenki la pikipiki akawa analifuta vumbi ambalo halipo. Nilipokuwa nakunja vifaa alinifuata pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, andika sitini na moja." Maswali haya ni yake na ya wenzake, ila la mwisho ni la binti wa dereva.

Nikitaja umri wa kweli, abiria si watanikimbia?

Abiria huna deni la kumwambia ulizaliwa lini. Ila anayekupima na anayekupa dawa, mwambie ukweli, kwa sababu umri wenyewe ni kipimo. Presha ya 150 kwa 95 si nzuri kwa yeyote, lakini kwa mtu wa miaka 61 iko karibu zaidi na kiharusi kuliko kwa wa miaka 35. Figo nazo huchuja dawa polepole kadiri miaka inavyosogea, na kuna dawa ambazo dozi yake hupunguzwa kwa sababu hiyo. Ukiniambia unaamka kukojoa mara nne usiku, nikiamini una arobaini na tano huenda nikawaza sukari kwanza. Nikijua una sitini na moja, tezi dume nalo halinipiti. Halafu kuna dirisha la wazee hospitalini, la waliofikisha miaka 60. Nimewaona wanaume wakipanga foleni ndefu huku dirisha lao liko wazi, wakiona aibu kusogea.

Mchana naona vizuri. Mbona usiku taa za magari zinanipofusha?

Swali hili huulizwa na karibu kila aliyevuka hamsini, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Tundu la mboni ya jicho huwa dogo kadiri mtu anavyozeeka, hivyo gizani mwanga unaoingia ni kidogo. Lenzi ya jicho nayo huanza ukungu. Taa kali ya lori linalotokea Segera ikigonga ukungu huo, mwanga unatawanyika, na kwa sekunde kadhaa huoni shimo wala mtu. Ukungu ukizidi ndio mtoto wa jicho. Hutibiwa kwa upasuaji: lenzi iliyochafuka inatolewa, inawekwa ya bandia.

Ninaloliogopa zaidi ni presha ya jicho (glakoma), si ile presha ya damu. Mara nyingi haiumi. Inakula uoni wa pembeni taratibu, mbele unaendelea kuona, nawe unajiona mzima. Katika mji wenye baiskeli nyingi kama wetu, za kuchomoza kwenye vichochoro vya Ngamiani, uoni wa pembeni ndio unaokuokoa. Uliokwisha kupotea haurudi. Matibabu huzuia tu usipotee zaidi. Kwa hiyo ukivuka arobaini, pimwa macho kila mwaka au miaka miwili, hata kama hulalamiki kitu.

Miwani ya kusomea simu usiendeshee, inatia ukungu vya mbali. Na kioo cha helmeti kilichojaa mikwaruzo kibadilishe. Yule mzee wangu alikishika chake kuelekea taa, akakuta ni kama kimepakwa maziwa.

Nimeendesha miaka thelathini. Vijana watanifundisha nini?

Uzoefu wako ni mali, sibishi. Unajua daladala itasimama kabla dereva wake hajaamua. Lakini safari ya kutoka jichoni hadi mkononi imerefuka. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki inakwenda mita 17 hivi kila sekunde. Ukichelewa kushika breki kwa nusu sekunde, umeshakwenda mita 8 zaidi, urefu wa pikipiki nne. Mita hizo zitafute kabla: usimgande wa mbele, punguza mwendo.

Dawa zangu zina shida na pikipiki?

Baadhi, ndiyo. Dawa nyingi za mafua na mzio huleta usingizi. Za presha zinaweza kukupa kizunguzungu ukiinuka ghafla. Baadhi ya dawa za sukari, hasa insulini, zinaweza kuishusha mno: jasho jembamba, kutetemeka, akili kuvurugika. Ikitokea, simama pembeni, kunywa soda yenye sukari, usiondoke mpaka utulie. Dukani sema wazi: naendesha pikipiki.

Na ganzi za vidole?

Mtetemo wa usukani unaweza kuzileta. Pumzika, nyoosha mikono. Zikibaki hata siku usiyoendesha, pima sukari.

Baba hataki kusikia habari ya kuacha. Nimwambieje?

Binti, usianze na ufunguo. Anza na ulichokiona kwa macho yako: taa ya pembeni iliyopasuka, siku aliyokosa kona anayoijua. Mwombe akapime macho, umsindikize. Kisha punguzeni kipande kwa kipande. Usiku kwanza, halafu mvua, halafu safari ndefu za Pangani na Muheza, halafu abiria. Yule mzee wa Kange sasa hulaza pikipiki kabla ya magharibi, na wateja wa usiku amemwachia mpwa wake.

Lakini baba akizimia, akishikwa na maumivu ya kifua, mdomo ukipinda au mkono mmoja ukilegea ghafla, hapo hakuna mazungumzo. Hospitali saa hiyohiyo, na asijipeleke mwenyewe kwa pikipiki.