Lehemu iliyo kwenye damu ni ile iliyokosa mlango

Jumatatu asubuhi huwa haikosekani chupa moja ambayo, nikiitoa kwenye mashine ya kuzungusha damu, seramu yake, yale maji ya damu yanayobaki juu, ni nyeupe kama tui. Wanafunzi wangu husema papo hapo: huyu lehemu (kolesteroli) imempanda. Nawaambia wangoje majibu. Weupe ule ni trigliseridi, mafuta ya chakula yanayosafiri kwenye matone makubwa. Mara nyingi mtu amepitia supu kabla ya kuja kupima. Lehemu inaweza kujaa kwenye damu na seramu isionyeshe kitu.

Miezi michache iliyopita nilishika chupa ya kijana wa miaka 31. Seramu safi, ya manjano, unasoma maandishi upande wa pili. LDL yake, yaani chembe zinazobeba lehemu kwenye damu, ilikuwa milimoli 8.6 kwa lita, wakati sisi hupenda iwe chini ya 3. Nyuma ya visigino, juu ya kano, alikuwa na vinundu vigumu. Baba yake alifariki kwa moyo akiwa na miaka 42.

“Shikamoo dokta,” aliniambia alipofuata majibu. “Nyama nimeacha mwaka wa pili sasa. Hii lehemu naitoa wapi?”

Anaitengeneza mwenyewe, kama mimi na wewe. Malighafi ni asetati, kipande chenye kaboni 2 tu, ndugu wa siki tunayotia kwenye kachumbari. Kwa hatua zipatazo 30 seli huunganisha vipande hivyo mpaka ipate molekuli yenye kaboni 27. Konrad Bloch na Feodor Lynen walipata Nobeli mwaka 1964 kwa kuichambua njia hiyo. Na seli ina sababu ya kujisumbua hivyo: utando wake umejengwa kwa safu mbili za shahamu, na lehemu hujipenyeza katikati ya mikia ya shahamu hizo, ikaushika utando usilegee wala usigande.

Sasa seli inajuaje kwamba imetosheka? Haipimi kwenye utando wa nje, ambako lehemu imejaa tele. Inapima kwenye retikulamu, mtandao wa ndani ambako lehemu hupikwa lakini haikai. Ikishuka hapo chini ya kama asilimia 5 ya shahamu zote, protini iitwayo SCAP humchukua mwenzake SREBP na kumpeleka kwenye vifuko vya Golji. Huko SREBP hukatwa mara mbili, na kipande kinachobaki huru huingia kwenye kiini na kuwasha jeni. Huwasha za kupika lehemu, na huwasha pia jeni ya kipokezi cha LDL, yaani mlango wa kuingizia lehemu inayopita kwenye damu. Seli ikishiba, SCAP hushikiliwa palepale na jeni hupoa. Nimefundisha jambo hili miaka mingi na bado linanisisimua.

Mlango huo ulijulikana kwa njia ya seli za ngozi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Dallas, Michael Brown na Joseph Goldstein walizikuza kwenye vyombo vya maabara. Seli za watu wazima kiafya zikipewa LDL ziliacha kupika. Za wagonjwa waliorithi kasoro kwa baba na kwa mama ziliendelea kupika tu, huku LDL imezizunguka. Hazikuwa na pa kuipitishia.

Dalili za kijana wangu ni za aliyerithi nakala moja mbovu. Nyingine ni nzima. Ini lake lina karibu nusu ya milango, kwa hiyo LDL hukawia kwenye damu na kupenya kuta za mishipa. Kuacha nyama hakuongezi milango ya kutosha.

Statini huongeza. Wengi hudhani dawa hii “inayeyusha mafuta”. Haiyeyushi. Inazuia kimeng'enya kimoja cha mwanzoni mwa upishi, ini linajiona limepungukiwa, SREBP inakatwa, na ile nakala nzima inasukumwa kutoa milango zaidi. Ukiacha vidonge kwa sababu majibu yamekuwa mazuri, milango hupungua tena. Naomba sana jambo hili lieleweke.

Kuna pia PCSK9, protini inayopeleka milango hiyo kuvunjwa. Zimbabwe alipatikana mwanamke kijana, mwenye afya, ambaye nakala zake zote mbili za jeni hiyo hazifanyi kazi: LDL yake ilikuwa 0.4. Leo zipo sindano zinazoizuia PCSK9, ila bei yake bado ni mlima.

Nilimwambia kijana alete ndugu zake, kwa kuwa kila mmoja ana nusu kwa nusu ya kurithi. Wiki iliyopita alikuja na dada yake wa miaka 24. Seramu yake imetoka safi, ya manjano. Nimeiweka kwenye mashine.