Maziwa Kuganda Si Kuchemka: Maswali Kuhusu Homa ya Kutupa Mimba

Huku Rungwe banda la ng'ombe liko nyuma ya nyumba. Wagonjwa wanatufikia wameshameza dawa za malaria mara mbili au tatu, na za taifodi juu yake, bila kupima. Homa bado ipo. Tukiwauliza kuhusu maziwa, wanatushangaa.

Ni ugonjwa gani huo?

Bruselosi, ndiyo homa ya kutupa mimba, maana mnyama mwenye nao hutupa mimba. Bakteria wake hutoka kwa ng'ombe, mbuzi au kondoo na kumwingia mtu kupitia maziwa mabichi, au akishika kondo la nyuma na majimaji ya mnyama anayezaa.

Dalili zake?

Homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi usiku, mgongo na viungo kuuma, uchovu. Mara nyingi huanza wiki 2 hadi 4 baada ya maambukizi, pengine miezi kadhaa, kwa hiyo aliyekunywa ameshasahau.

Mimi sinywi maziwa mabichi, nakunywa mtindi. Niko salama?

Kama mtindi uligandishwa bila kuchemsha maziwa, hapana. Uchachu huwapunguza bakteria, lakini hauna uhakika wa kuwamaliza.

Hata ukiwa mchachu sana?

Hata ukikunja uso. Chemsha kwanza, acha yapoe hadi vuguvugu, ndipo utie kijiko cha mtindi uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Yataganda vizuri tu.

Nikiyaweka kwenye friji?

Baridi huwalaza, haiwaui. Chemsha.

Lakini kuchemsha kunaondoa nguvu ya maziwa.

Hili tumelijibu hadi tumechoka. Vitamini chache hupungua. Protini na madini ya kujengea mifupa hubaki. Viwandani, nyuzi joto 72 kwa sekunde 15 zinatosha kuua bakteria hawa. Kwenye miinuko yetu maji huchemka chini kidogo ya nyuzi 100, bado joto hilo linazidi linalohitajika. Koroga, yaache yachemke kwelikweli. Kuyapasha moto kidogo ili mtoto anywe si kuchemsha.

Mbona babu alikunywa mabichi maisha yake yote?

Na mgongo wake ulimuuma miaka mingapi, tukasema ni uzee? Kisiwani Malta, mwaka 1905, daktari Themistocles Zammit aligundua kwamba mbuzi walioonekana wazima kabisa walibeba bakteria hawa. Mwaka uliofuata wanajeshi wa Uingereza waliokuwa huko wakaacha kunywa maziwa mabichi ya mbuzi, na wagonjwa wakapungua sana. Dawa za antibiotiki hazikuwapo bado. Kwa hiyo usiniambie "ng'ombe wangu amenona".

Ng'ombe akitupa mimba nifanyeje?

Usimshike kwa mikono mitupu. Vaa glavu, fukia kondo na ndama kwenye shimo refu, mbwa wasifikie, umwite afisa mifugo. Muulize pia kuhusu chanjo ya mitamba.

Homa ikinishika, nianzie duka la dawa?

Hapana, ndugu yangu. Njoo upimwe damu, na useme mapema kwamba unafuga au unakunywa mtindi wa nyumbani. Matibabu ni dawa zaidi ya moja, kwa kawaida wiki 6. Nafuu huja mapema, na hapo ndipo wengi huacha vidonge, kisha homa inarudi. Mama mjamzito atuambie mapema zaidi: ugonjwa huu unaweza kuharibu mimba yake, na baadhi ya dawa zake hazimfai.