Namba 4,294,967,297: wanayodhani watu, na ukweli wenyewe

Chukua 2, ipandishe kwa kipeo cha 32, kisha ongeza 1. Unapata 4,294,967,297, namba iliyowahi kumponza Pierre de Fermat, gwiji wa hesabu wa Ufaransa.

Dhana: Haionekani kugawanyika, basi ni namba tasa.
Ni witiri, inaishia na 7, na tarakimu zake zinajumlika kuwa 59, kwa hiyo 3 haiingii. Jaribu 7, 11, 13: kila mara baki. Lakini 641 inaingia kamili, mara 6,700,417. Hizo mbili ndizo tasa, siyo namba yetu.

Dhana: Kanuni iliyokubali mara tano itakubali daima.
Hapa ndipo Fermat alipoteleza. Mwaka 1640 alikuwa na 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja ni 2 iliyopandishwa kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, kisha ikaongezwa 1, na zote ni tasa. Akaamini mlolongo mzima uko hivyo. Ya sita ndiyo hii yetu, na mwaka 1732 Leonhard Euler, mwanahesabu wa Uswisi, aliipasua. Tangu hapo haijapatikana tasa nyingine hata moja katika mlolongo huo!

Dhana: Ndiyo namba kubwa kabisa inayoingia katika biti 32 za kompyuta (nafasi 32, kila moja ikiwa 0 au 1).
Hapana, imezidi kwa 2. Kikomo ni 4,294,967,295, ambayo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Namba zile zile tano za Fermat, zikizidishwa pamoja.

Dhana: Kupata 641 kulihitaji kugawanya maelfu ya mara.
Kwa njia ya kawaida, kweli ni mateso. Kipeuo cha pili cha namba hii kinazidi 65,536 kwa chembe tu, na chini ya hapo zipo namba tasa 6,542 za kujaribu. Ila Euler alithibitisha kwamba kigawo chake chochote kilicho tasa lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 64. Chuja kwa sharti hilo, na za mwanzo zinazobaki ni 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano, kazi imekwisha. Kwa kalamu na karatasi, ni kazi ya asubuhi moja.

Dhana: Huwezi kukana kwamba namba ni tasa bila kuonyesha kigawo chake.
Unaweza. Namba tasa haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa njia zaidi ya moja. Hii yetu ni 65,536² + 1², na pia ni 62,264² + 20,449². Njia ni mbili, kwa hiyo si tasa, na 641 hatujaigusa.