Kuongoza chuo kidogo cha theolojia: watu wanavyodhani na mambo yalivyo

Dhana ninayoisikia zaidi ni hii, chuo cha theolojia kikiwa na wanafunzi 20 hivi basi kimefeli, mkuu wa chuo hana maono, na eti dawa ni kukimbilia kuwa chuo kikuu. Hapana jamani. St. Paul's ya Limuru, chuo cha theolojia cha Kenya, ilianza 1903 pale Frere Town Mombasa, kwenye makazi ya watumwa walioachiwa huru, ikahamia Limuru 1930, na hadhi ya chuo kikuu ikaja 2007, yaani miaka zaidi ya 100 baadae, na muda wote huo ilikuwa inatoa wachungaji na maaskofu. Makumira, chuo cha Walutheri Tanzania, nayo mizizi yake ni Lwandai kule Usambara 1947, ndo 1954 wakahamia hapo karibu na Usa River. Udogo siyo ugonjwa. Ugonjwa ni pale chuo kidogo kinapotaka kufanya kila kinachofanywa na chuo kikubwa, kozi 40 kwa walimu 4, halafu hakuna hata moja inayofundishwa vizuri.

Mfano ninaourudia kila siku ni wa Ujerumani. 1935, Hitler yuko madarakani, wachungaji waliokataa kanisa liendeshwe kwa matakwa ya Wanazi wameshajitenga kwenye Kanisa la Maungamo, na wanahitaji kuandaa wachungaji wao wenyewe. Wakafungua seminari, kwanza Zingst kando ya bahari ya Baltiki, baada ya miezi michache Finkenwalde, karibu na mji wa Stettin ambao leo uko Poland. Mkuu wake alikuwa Dietrich Bonhoeffer, mchungaji na mwanatheolojia, kijana wa miaka 29. Kila awamu ilikuwa na wanafunzi ishirini na kitu tu, nyumba yenyewe waliikuta tupu, sharika ndo zikachangia fanicha na chakula, na 1937 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wakaja kuifunga. Miaka miwili na nusu tu, na mpaka leo watu wanaisoma.

Dhana nyingine: kazi ya mkuu wa chuo ni kutafuta wafadhili, kufundisha awaachie wengine. Pesa ni muhimu, siwezi kubishana na hilo, mwalimu ambaye hajalipwa miezi mitatu hafundishi vizuri hata awe na wito namna gani. Lakini wanafunzi wanamsoma mkuu wao kuliko wanavyosoma vitabu. Kuna siku hao wa Finkenwalde waliombwa msaada jikoni kuosha vyombo, hakuna aliyeinuka, wote kimya. Bonhoeffer hakusema neno, akanyanyuka, akaingia jikoni, akafunga mlango, na waliomkimbilia kusaidia hakuwafungulia. Sasa mkuu ambaye wanafunzi wanamwona siku ya kufungua na siku ya mahafali tu, hilo somo atalitoa lini?

Halafu kuna hii ya kwamba chuo kizuri ni chenye mtaala mrefu. Bonhoeffer alipewa vijana waliokwisha maliza chuo kikuu, Kigiriki wanacho, historia ya kanisa wanayo, kwa hiyo akauliza wamekosa nini. Akaweka nusu saa kila asubuhi ya kukaa kimya na Neno, bila vitabu vya ufafanuzi, mistari ile ile wiki nzima. Akaweka na kanuni kwamba usimseme mwenzio asipokuwepo, na ukiteleza nenda ukamwambie mwenyewe. Wanafunzi wengine walilalamika kweli kweli, mpaka mwanatheolojia mkubwa Karl Barth alimwandikia 1936 kwamba mambo haya yana harufu ya monasteri, nyumba ya watawa. Hakuacha.

Ila tusiige kichwa kichwa. Wanafunzi wetu wengi wanatoka form four, wengine la saba, wengine ni wainjilisti waliohubiri miaka mingi na hawajawahi kusoma Biblia yote mwanzo mpaka mwisho. Vipaumbele vyao ni vingine. Mchungaji mpya anafika usharikani Jumatatu, Jumatano anaitwa msibani, aliyefariki ni kijana, ndugu wanagombana atazikwa wapi na upande wa mama wanasema amerogwa, na yeye ndo atahubiri kesho yake. Wiki ijayo mhasibu wa usharika anamletea daftari la sadaka asaini. Chuo kilimwandaa kwa hayo? Mimi ningeanza na Biblia nzima, kuhubiri mbele ya wenzake na kukosolewa wazi, kukaa na wafiwa, na hesabu za usharika. Kigiriki kiwepo, tena kifundishwe vizuri, lakini kisile saa za hayo.

Wapo pia wanaoamini mwanafunzi halisi ni wa bwenini. Wapresbiteri wa Guatemala waliliona tatizo hilo 1963: viongozi wenyewe wa makanisa ya vijijini walikuwa na familia na mashamba, hawawezi kuja kukaa mjini, kwa hiyo mwalimu ndo akawafuata, wanasoma nyumbani na kukutana naye mara kwa mara. Ndiyo elimu ya theolojia kwa enezi, kwa kifupi cha Kiingereza TEE, iliyokuja kufika hadi kwetu. Kwa chuo kidogo hii inaokoa sana, mama mwenye watoto wanne anasoma bila kuacha nyumba wala usharika wake.

Mwisho ni ithibati, yaani chuo na cheti chake kutambuliwa rasmi. Wengine wanasema ni mambo ya dunia, Roho Mtakatifu haombi cheti. Waulize wachungaji wa Rwanda, sheria ya 2018 iliwataka wanaoongoza makanisa wawe na digrii ya mambo ya dini, au digrii nyingine pamoja na cheti cha mambo ya dini, wakapewa miaka 5, na watu wazima wenye washirika mamia wakarudi darasani. Ukiongoza chuo kidogo mwambie mwombaji ukweli kabla hajalipa ada: cheti chetu kinatambuliwa na nani, kama ni TCU (tume ya vyuo vikuu Tanzania), NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi), ACTEA (chama cha elimu ya theolojia Afrika) au ni dayosisi yetu tu, na kama ni dayosisi tu aandikiwe hivyo kwenye barua ya kukubaliwa.